Pikoboli shuleni: anzia wavuni, nguvu zitakuja baadaye

Walimu wengi wakipata vibao vya pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki wenye matundu juu ya wavu, hukimbilia kufundisha kuanzisha mpira, kwa kuwa mchezo wenyewe huanzia hapo. Nashauri kinyume. Anza na mpira mfupi wa wavuni, ule unaoinuliwa taratibu na kuangukia karibu tu na wavu, upande wa pili. Mwanafunzi aliyezoea kwanza kukung'uta mpira kwa nguvu ni kazi kumrudisha kwenye utulivu.

Uwanja kamili ni mita 13.4 kwa 6.1, na wavu una urefu wa sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Kwa somo la kwanza huhitaji vyote hivyo. Kama shule ina uwanja wa netiboli wa saruji, funga kamba kutoka goli hadi goli, ishikilie kwa viti ili isilegee katikati, kisha tundika viroba vilivyochanwa ili mpira usipite chini. Chora kwa chaki mstari wa mita 2.13 kila upande wa kamba. Eneo hilo ndilo jikoni, ambamo hairuhusiwi kuupiga mpira ukiwa hewani. Ukimpa kila mmoja upana wa mita mbili, jozi 15 zinacheza kwa pamoja. Waliobaki wanahesabu na kuokota mipira, halafu mnabadilishana.

Vibao seremala anavikata kwenye plaiwudi ya milimita 9, urefu sentimita 40 na upana 20, mpini ukiwa sentimita 13. Piga msasa kingo zote na uzungushie mpini tyubu ya baiskeli. Ni vizito kuliko vya kiwandani, lakini kwa kujifunzia vinatosha. Mipira nunua ile ya matundu 40, ya kuchezea nje. Asubuhi za baridi za Arusha, Juni na Julai, plastiki hukakamaa na kupasuka upesi, kwa hiyo kagua nyufa kabla ya kipindi.

Sasa pigo lenyewe. Miguu ipanuke kupita mabega, magoti yakunjwe, kibao kikae mbele ya kifua. Mshiko uwe mlegevu: ukikivuta kibao kidogo, kiteleze mkononi. Mpira upigwe mbele ya mwili, uso wa kibao ukielekea juu kidogo, na mkono uinuke kutoka begani. Kifundo cha mkono kitulie. Hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa, hasa kwa waliocheza mpira wa meza au badminton: wanachapa kwa kifundo, mpira unapaa, na mwenzake anaupigilia chini. Tazama mpira unafikia kilele wapi. Ukifikia kilele upande wa mpigaji, ukavuka kamba ukishuka, pigo ni zuri. Ukipanda bado baada ya kamba, ama kibao kilivutwa nyuma mno ama magoti yalinyooka wakati wa kupiga.

Waambie wasaidiane, wasishindane, mpaka jozi ifikishe mipigo 10 mfululizo. Upande wa kiganja kwanza, kisha wa mgongo wa mkono. Huu wa pili huwatisha bure. Mguu wa upande wa kibao ukisogea mbele, bega linageuka lenyewe na mpira unatoka sawasawa.

Baada ya hapo warudishe hatua tatu nyuma na mruhusu mkono uzunguke zaidi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali kidogo kuliko Moshi. Timu ikisafiri kati ya miji hii, ipewe muda wa kupima urefu wa mipigo kabla ya mechi.

Kuanzisha mpira kuwe mwisho. Kwa wanaoanza nachagua njia ya kuudondosha: mpira unaachiwa tu mkononi, bila kuurusha wala kuusukuma, unadunda, ndipo unapigwa kwenda kona ya mshazari, kupita mstari wa jikoni. Ukigusa mstari huo ni kosa. Mpokeaji lazima auache udunde, na mwanzishaji naye auache udunde unaporudi. Baada ya midundo hiyo miwili ndipo mtu anaruhusiwa kuupiga ukiwa hewani, mradi asikanyage jikoni wala mstari wake. Hata mwendo wa pigo ukimvuta akaingia baada ya kupiga, bado ni kosa, na wanafunzi hubishana sana juu ya hili. Simamisha mwamuzi mmoja kwenye mstari huo, macho yake yawe miguuni tu.