Mionzi ya ndani haimfuati mama nyumbani

Mama anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi akirudi kutoka mionzi ya ndani, hakosekani ndugu wa kumwambia: usimbebe mtoto, kunywa kwa kikombe chako, lala peke yako. Wanadhani ameachiwa tumboni kitu kinachotoa mionzi. Hakuachiwa kitu.

Mirija huingizwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi, wahudumu wote wanatoka chumbani, kisha mashine inasukuma ndani chembe ya iridiamu-192 au kobalti-60 iliyo kwenye ncha ya waya, ndogo kama punje ya mchele. Inakaa kwa dakika chache tu, inarudishwa kwenye kasha lake ndani ya mashine, na mirija inatolewa. Akitoka hapo, mwili wake hautoi mionzi. Ambebe mjukuu, wale sahani moja.

Dhana inayoniuma zaidi ni ya wagonjwa wenyewe: nimemaliza mionzi ya nje, damu imekatika, ya ndani ya nini? Damu kukatika si dalili kwamba uvimbe umekwisha. Mionzi ya nje hutolewa mara 25 hivi, hadi kufikia grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 45 au 50. Ikizidishwa sana kwa njia hiyo hiyo, kibofu na njia ya haja kubwa vitaumia, na uvimbe unahitaji grei 80 au zaidi kwa jumla, ya nje na ya ndani. Chembe ikikaa penye uvimbe wenyewe, dozi kubwa inaishia pale, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi inashuka hadi robo hivi. Na tiba yote inatakiwa kumalizika ndani ya wiki 8. Anayesema "nipate nguvu kwanza" kisha akakaa nyumbani miezi miwili, anaupa ugonjwa nafasi.

Tahadhari zenyewe zipo, ila ni za wagonjwa wengine. Aliyemeza iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo hutoa mionzi kwenye mkojo, mate na jasho kwa siku kadhaa. Huyo ndiye wa kulala peke yake. Mwanamume aliyepandikizwa chembe za iodini-125 kwenye tezi dume hubaki nazo maisha. Mionzi yake ni hafifu, na hupungua kwa nusu kila siku 60 hivi, lakini miezi ya mwanzo asimpakate mtoto mdogo kwa muda mrefu wala kukaa karibu sana na mjamzito. Kabla ya kutoka hospitali, uliza kama chanzo cha mionzi kimetolewa au kimebaki mwilini.

Wapo pia waume wanaohama chumba wakiogopa kuambukizwa saratani au mionzi. Tendo la ndoa haliambukizi hata kimoja. Kinachotokea ni uke kukauka na kusinyaa baada ya tiba, na hilo lina msaada: vilainishi, na kifaa cha kuutanua ambacho muuguzi humfundisha mama kukitumia. Mama aulize bila haya, na mume aende naye kliniki.