Presha ya mashine ya usingizi: namba zake zinasema nini

Mama mkwe alikuja kutoka Kongwa kutusalimia hapa Dodoma mjini, akanisikia nikimwambia mume wangu, "Presha yako jana imefika kumi na moja." Akaweka kikombe chini. "Kumi na moja? Na bado anatembea?"

Sikumlaumu. Kwetu ukisema presha watu wanaelewa presha ya damu, na ile kubwa huhesabiwa kwa mia. Presha ya mashine ya kukatika pumzi usingizini ni habari nyingine kabisa.

Mwenye tatizo hili akilala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, kisha anashtuka kwa mkoromo na mambo yanaanza upya. Mashine humpulizia hewa hii hii ya chumbani, si oksijeni, kupitia barakoa, na msukumo wake ndio unaozuia koo lisijifunge. Huo msukumo ndiyo presha, na unapimwa kwa sentimita za maji. Ukitaka kuujua, tumbukiza mrija wa soda kwenye jagi la maji, ncha ifike sentimita 11 chini, halafu upulize mpaka mapovu yaanze kutoka. Basi, hiyo ndiyo 11 ya mume wangu. Kwa kipimo cha zebaki wanachotumia kwenye presha ya damu, ni kama milimita 8 tu. Mama mkwe alipuliza mwenyewe, akasema hata mjukuu wake anaweza.

Mashine nyingi za nyumbani zinafanya kazi kati ya 4 na 20. Zipo zinazokaa kwenye namba moja usiku kucha, na zipo kama yetu, ambazo daktari huziwekea kiwango cha chini na cha juu, zikapanda na kushuka zenyewe kadiri koo linavyobana. Mwenye 14 haumwi kuliko mwenye 8. Ni kama saizi ya kiatu, kila mtu na mguu wake. Ukiona kwenye ripoti ya usiku inayotolewa na mashine presha ya "asilimia 95", maana yake kwa asilimia 95 ya muda mashine ilikuwa kwenye namba hiyo au chini yake.

Namba ambayo kila anayeanza huikimbilia asubuhi ni AHI: wastani wa mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au ilipungua sana. Wakati wa kupima ugonjwa, chini ya 5 huhesabiwa kawaida, 5 hadi 15 ni hali ndogo, 15 hadi 30 ya kati, zaidi ya 30 ni kali. Ukishaanza mashine, lengo ni kushuka chini ya 5. Ila mashine haijui kama umelala au uko macho unamwaza mwenye nyumba. Ukibana pumzi huku unajigeuza, inaweza kuhesabu. Ndiyo maana usiku mmoja haukupi picha. Tazama wiki nzima.

Wiki ya kwanza tulikuta AHI ya 14. Mume wangu akataka kuingia kwenye mipangilio apandishe presha mwenyewe. Nikamwambia, subiri kwanza, tazama mstari wa kuvuja hewa. Ulikuwa juu toka saa saba usiku. Tulipoichunguza barakoa, ukingo wa mpira ulikuwa umejikunja kwa ndani, pembeni ya pua, upande anaolalia. Hewa ikivuja sana, presha haifiki kooni vizuri na hata hesabu ya mashine inayumba, kwa hiyo mimi husoma kuvuja kwanza, AHI baadaye. Tuliukunjua ukingo, hatukugusa presha. Kesho yake ilikuwa 4.

Na kupandisha ovyo kuna hatari yake. Ripoti hutenganisha pumzi iliyokatika kwa sababu koo limeziba na ile iliyokatika koo likiwa wazi, yaani ubongo haukutuma amri ya kuvuta hewa. Za aina hii ya pili presha haizifungulii kitu, na kwa baadhi ya watu ikipanda zinaongezeka. Wengi zinawapungua wakizoea mashine. Zikiwa nyingi na haziishi, peleka ripoti kwa daktari.

Kwa vumbi letu la kiangazi, kichujio cha hewa kikague mapema kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Na kwenye kitangi cha maji kinachoipa hewa unyevu usitie maji ya bomba. Ukoko mweupe unaouona ndani ya birika lako utaukuta na humo. Tafuta maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopoozwa ukawa maji tena.

Kuna usiku umeme ulikatika saa tisa. Asubuhi AHI ilikuwa 1.8, mume wangu anatabasamu. Nikamwonyesha saa za matumizi: tatu na nusu. Mashine hugawanya kwa saa ilizowaka tu, na usingizi wa ndoto, ambao kwa wengi ndio koo hulegea zaidi, huwa mwingi kuelekea alfajiri. Alfajiri hiyo mashine ilikuwa imezima, na mimi nilikuwa macho namsikiliza akikoroma.