Je, wajua kwa nini ua lisiloogopa ukame hufa kwa kiu?

Nilidhani mmea huzaliwa na uwezo wa kuhimili ukame, kama mtu anavyozaliwa na rangi ya macho. Nikapanda miche ya Asclepias tuberosa, ua la porini la Amerika Kaskazini lenye vishada vya rangi ya chungwa, na kwa makusudi nikainyima maji. Si pakiti ilisema ukame hauliwezi? Siku ya tano majani yalikuwa yamejikunja kama karatasi ya sigara. Nikalaumu mbegu.

Kosa langu ni la wengi. Majani ya ua hili hayana maajabu: si manene kama ya mshubiri, wala hayaweki akiba ya maji. Siri iko chini, kwenye mzizi mkuu mnene unaoshuka wima. Na mche bado hauna mzizi huo. Ndiyo kwanza unaushusha.

Mfikirie mtu aliyehamia kiwanja kipya, anachimba kisima. Akishafika majini, mvua ikikatika hana habari. Lakini siku zote za kuchimba anakunywa maji ya jirani, na jirani akifunga mlango, kazi inaishia njiani. Huyo jirani ni wewe. Ila ukimletea kikombe kila asubuhi, achimbe ya nini? Heri umwagilie mpaka maji yazame, kisha usubiri udongo wa juu ukauke. Aghalabu msimu wa kwanza hutosha, ingawa penye kichanga au joto kali utaendelea zaidi. Baada ya hapo maji yakituama mzizi huoza, na kuung'oa mmea mkubwa ukaupande kwingine ni kukiacha kisima nyuma.

Maua hutokea mwaka wa pili au wa tatu tangu mbegu. Majira ya kuchipua nayo huukuta mmea bado umelala, hata wengine huulima wakidhani umekufa.

Nyuki hufuata nekta. Viwavi wa kipepeo monaki hula majani ya jamii ya mmea huu tu, jamii inayojulikana kwa utomvu mweupe kama maziwa. Huu wetu, kwa kioja, utomvu wake ni kama maji. Viwavi hawajali, ingawa majike huonekana kupendelea kutaga kwa ndugu zake wenye maziwa. Ukikuta majani yametobolewa, usikimbilie dawa. Geuza jani kwanza: kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano ndiye mgeni uliyempandia.