Vaskulitisi ikishika neva: si ganzi ya kisukari

Vaskulitisi ni inflamesheni ya kuta za mishipa ya damu. Ukuta huvimba, njia hubana au kuziba, na sehemu inayolishwa na mshipa huo hukosa damu. Ikiwa ni ubongo, huja kiharusi, degedege au kuchanganyikiwa. Ikiwa ni neva ya mkono au mguu, huja nyuropathi, yaani ugonjwa wa neva, na hii ndiyo inayoweza kuchanganywa na ganzi ya kisukari: mgonjwa anapewa vitamini B na kuambiwa avumilie.

Ganzi ya kisukari kwa kawaida huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili, ikapanda taratibu kwa miaka kama soksi inayovutwa juu. Vaskulitisi huchagua neva moja moja. Maumivu makali huchoma upande wa nje wa mguu mmoja, na siku chache baadaye mgonjwa hawezi kuinua wayo, anaburuza vidole akitembea. Wiki kadhaa zikipita, kiganja cha upande mwingine kinalegea. Sababu ni kwamba kila neva ina vimishipa vyake vyembamba vya damu. Vikiziba, nyuzi zake hufa huku neva ya jirani ikibaki nzima. Ukoma nao hushika neva moja moja, kwa hiyo daktari apapase neva za kiwiko na za chini ya goti kama zimenenepa, na atafute mabaka yasiyohisi.

Uthibitisho bora ni kukata kipande kidogo cha neva ya mguuni, ikiwezekana pamoja na msuli, kikapimwe. Mkojo upimwe damu na protini, kwa sababu figo huweza kuumia kimyakimya. Homa ya ini B ipimwe pia: huweza kuwa chanzo, na dawa za kushusha kinga huweza kuiamsha.

Tiba ya kawaida ni prednisoloni, ambayo ni steroidi, takriban mg 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mara nyingi pamoja na dawa nyingine ya kushusha kinga, siklofosfamaidi au rituksimabu. Dawa huzuia uharibifu mpya, haifufui nyuzi zilizokufa. Hizo huota upya kwa takriban mm 1 kwa siku, hivyo umbali wa sm 30 huchukua karibu miezi 10. Wengine huacha vidonge mapema wakidhani vimeshindwa, na kuacha steroidi ghafla ni hatari.

Sukari kuwa juu pekee hakutoshi kuiita ganzi ya kisukari. Mwenye kisukari naye hupata vaskulitisi, kwa hiyo kwanza aulizwe: ilianza upande gani, na kwa siku ngapi?