Mtiririko wa mto si kasi yake

Juzi nimemsikia tena mtangazaji akieleza kwamba mto ukitoka milimani na kufika tambarare, "mtiririko wake hupungua". Nimeshasikia hivyo mara nyingi, hata kwa watu waliosoma jiografia. Kichwani wana picha ya maji yanayorukaruka juu ya mawe huko juu, kisha yakatulia huku chini. Picha hiyo ni ya kweli, lakini siyo inayoitwa mtiririko.

Mtiririko wa mto ni kiasi cha maji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja. Pima upana, zidisha kwa kina, zidisha kwa kasi. Jibu linakuja kwa mita za ujazo kwa sekunde. Kwa mito mingi kiasi hicho huongezeka kadiri unavyoshuka, maana kila kijito kinachoingia huleta chake, na maji ya ardhini nayo hupenya kutoka kingoni.

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Mtiririko umetoka kwenye kitenzi tiririka, na tiririka haihesabu chochote: inaeleza namna ya kwenda tu. Machozi hutiririka, jasho hutiririka, na tunasema hata mtiririko wa mawazo, ambao hakuna aliyewahi kuupima kwa ndoo. Wataalamu walipolichukua neno hili wakalipa kazi ya kubeba kipimo, masikio yetu yalibaki na maana ya zamani. Ujazo nao, uliotoka kwenye jaza, unatufanya tufikirie chombo kilichotulia, pipa au tangi, kwa hiyo ni rahisi kuudondosha tunapozungumzia kitu kinachokwenda. Ukishaudondosha, "mita za ujazo kwa sekunde" inabaki "mita kwa sekunde", na hiyo ni kasi.

Kinachonichekesha ni kwamba hata ukishikilia maana ya zamani bado hoja yao haisimami. Maji ya mlimani hayatiririki. Huporomoka, hububujika, hujipigiza kwenye majabali. Yanayotiririka hasa ni yale ya bondeni.

Halafu kuna hiyo kasi. Mwaka 1953 watafiti wa mito Leopold na Maddock walichapisha uchambuzi wa vipimo vya mito ya Marekani, wakaonyesha kwamba kasi ya wastani kwa kawaida huongezeka kidogo kuelekea chini. Kwa makadirio yao, mtiririko ukiongezeka mara 10 kadiri mto unavyoshuka, upana huongezeka kama mara 3.2, kina kama mara 2.5, na kasi kama mara 1.3. Huko juu maji ni haba na mawe ni mengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji inasuguana na kitanda cha mto. Yakiruka kwenye poromoko moja, yanakwenda kuzubaa kwenye dimbwi linalofuata. Chini, mto ni wa kina na maji ya katikati hayagusi kitu. Kelele zilitudanganya; debe tupu haliachi kuvuma.

Kijito chenye upana wa mita 4, kina cha nusu mita na kasi ya mita 1 kwa sekunde kinapitisha mita za ujazo 2 tu kila sekunde. Mto mpole wenye upana wa mita 60 na kina cha mita 3, kwa kasi hiyohiyo, unapitisha 180.

Wako wanaozidisha upande wa pili, wakasema mtiririko lazima uongezeke. Siyo lazima. Nile Nyeupe hupoteza karibu nusu ya maji yake kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, na Nile ikishapokea Atbara haipati tena mto wa kudumu wa kuiongezea mpaka Mediterania. Okavango hauifikii bahari kabisa: unatandaa kwenye delta yake huko Botswana, na maji yake mengi huishia hewani.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, ukitaka kitu kinachopungua mto unapofika tambarare, sema mteremko. Huo kweli hupungua, na pengine ndio uliokuwa unautafuta.