Paa la nyumba ya pwani hufungwa kabla ya Novemba

Karakana yangu ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, iko Moshi, lakini kila mwaka ifikapo Septemba simu nyingi ninazopokea huhusu nyumba zilizo mbali na mlima. Wenyeji wengi wa huku wamejenga Tanga, Bagamoyo, Kigamboni, na wachache Lindi na Mtwara, wengine kwa ajili ya kupangisha na wengine kwa maisha ya baada ya kustaafu. Mara nyingi humchukua fundi yule yule aliyewajengea Moshi, naye huenda na vipimo vile vile alivyovizoea. Nyumba husimama vizuri, huezekwa, hupakwa rangi, na kwa macho haina kasoro. Tatizo langu na nyumba hizo ni kwamba paa limewekwa juu ya kuta bila kufungwa nazo.

Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauipi hewa msokoto wa kutosha kukikuza kimbunga, ndiyo maana vingi huishia Madagaska na Msumbiji, na ndiyo maana pia mwenye nyumba Mtwara ana sababu ya kuhofu zaidi kuliko mwenye nyumba Tanga. Hata hivyo uchache si kinga. Aprili 1872 kimbunga kilibomoa sehemu kubwa ya mji wa Zanzibar na kung'oa mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, kusini ya Mto Ruvuma. Na Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, wakati ambapo wengi walikwisha kuuona msimu kuwa umepita.

Jambo ambalo wateja wangu huchelewa kulikubali ni kwamba upepo mkali haulikandamizi paa, bali hulinyanyua. Hewa inayopita kwa kasi juu ya bati hulifyonza kuelekea juu, na nguvu hiyo huwa kali zaidi kwenye kingo, pembe na kofia, yaani bati la kileleni. Kwa upepo wa kilomita 120 kwa saa, nguvu ya upepo hufikia karibu kilo 70 kwa kila mita ya mraba, ilhali bati la geji 30 halifiki hata kilo 3 kwa eneo hilo hilo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo uzito wa bati hausaidii kitu. Kinachosaidia ni kila kiungo kushikwa na kilicho chini yake, bati na papi (mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa), papi na kenchi, kenchi na mbao ya ukutani, mbao na linta (mkanda wa zege juu ya kuta), na linta na nguzo zinazoshuka hadi kwenye msingi.

Niliwahi kuitwa kuangalia nyumba moja ya pwani iliyoezuliwa upande wa baharini. Mabati tuliyoyakuta uani yalikuwa bado yamepigiliwa vizuri kwenye papi zake. Kilichoachia ni papi, kwa sababu kila moja ilikuwa imeshikwa kwenye kenchi kwa msumari mmoja tu wa inchi 4 uliopigwa wima kutoka juu, na msumari uliopigwa wima huchomoka kwa urahisi unapovutwa wima. Utepe wa chuma wenye zinki, uliozungushwa juu ya papi na kupigiliwa ubavuni mwa kenchi, ungelizuia jambo hilo kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na mabati yaliyoharibika.

Kwa nyumba mpya, ninasisitiza vipande vya nondo viachwe vimechomoza kwenye linta wakati zege linamwagwa, ili vikunjwe juu ya mbao ya ukutani na kila kenchi ifungwe hapo. Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, tunaingia darini na kufunga vyuma vya pembe kwa bolti zinazozama ndani ya linta. Kazi inachosha, lakini inawezekana. Juu ya bati natumia skrubu zenye raba badala ya misumari. Katika mita ya kwanza kutoka ukingoni naweka skrubu kwenye kila mgongo wa bati unapokutana na papi, na katikati nakubali kuruka mgongo mmoja. Chumvi ya bahari hula chuma upesi kuliko tulivyozoea huku mlimani, hivyo kila Oktoba mtu apande darini na tochi, na utepe ulioanza kumomonyoka kwa kutu ubadilishwe.

Madirisha na milango ni sehemu ya paa, ingawa hayaonekani hivyo. Upepo ukivunja dirisha la upande unaopigwa, hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini wakati ule ule linapofyonzwa kutoka juu. Wapo wanaoshauri kufungua madirisha ili upepo upite. Ushauri huo ni wa hatari. Funga yote, na vioo vikingwe kwa plaiwudi iliyokatwa na kutobolewa mapema.

Minazi iliyo karibu na ukuta ipunguzwe nazi na makuti makavu. Tanki la maji lijazwe: lita 1,000 zina uzito wa tani moja, na tanki tupu hubebwa na upepo.

Kwa kuwa sisi huwa Moshi wakati tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotolewa, anayebaki na nyumba ni mlinzi. Mpe plaiwudi, spana na namba ya fundi kabla ya Novemba, umwoneshe swichi kuu ya umeme. Mweleze kwamba upepo ukitulia ghafla huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili, kwa hiyo asitoke kuokota mabati. Na viongozi wa mtaa wakitangaza watu wahame kwa sababu ya maji ya bahari, afunge mlango na kuondoka bila kusubiri ruhusa yako.