Lipu ya saruji haiokoi tofali mbichi

Masika yakikaribia Kyela, utamsikia fundi akimtuliza mwenye nyumba: "Mzee, tofali mbichi si tatizo. Tukishapiga lipu ya saruji, maji hayaingii."

Yanaingia. Mito kama Kiwira na Mbaka hushuka na mvua za milima ya Rungwe, na ikifurika maji huizingira nyumba na kupanda kutoka kwenye msingi, mahali ambapo lipu haipo. Udongo huyanyonya. Saruji ya nje nayo huchelewesha unyevu kutoka, kwa hiyo ukuta hulainika ndani huku uso wake ukionekana mkavu. Gonga karibu na sakafu: ukisikia mlio kama wa kitu kilicho tupu ndani, lipu imeshaachana na tofali.

Tofali la kuchoma pia hunyonya maji, ila lililoiva vizuri halirudi kuwa tope. Ndiyo maana hela ya lipu ningeizika chini kwanza: msingi wa mawe uliopita alama ya mafuriko ya nyuma, nailoni nzito juu yake kuzuia unyevu usipande, kisha tofali za kuchoma. Mfuko usiporuhusu nyumba nzima, angalau kozi (mistari ya tofali) za chini ziwe za kuchoma. Lipu isubiri; urembo haujawahi kushikilia ukuta.